Kompyuta ya kuundwa nyumbani: ramani kwanza, risasi baadaye

Juma hili makala inakujia kutoka Abu Hamour, kitongoji kilichoko upande wa kusini wa jiji la Doha, nchini Qatar. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi hapa wanalifahamu eneo hili. Wakristo hulijua kwa sababu ya makanisa yaliyojengwa mahali pamoja, ambako ibada kubwa hufanyika siku ya Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Watanzania nao hutabasamu wanapopita mbele ya jengo la maduka liitwalo Dar Al Salam Mall.

Hata hivyo, leo sitazungumzia ibada wala maduka. Nitazungumzia kompyuta moja ndogo, isiyo na kifuniko, iliyokaa juu ya meza yangu ya chakula kwa muda wa miezi mitano, pamoja na swali moja lililotushughulisha kuliko yote: katika nafasi 65,536 za kumbukumbu, nani akae wapi?

Nasema "lililotushughulisha" kwa sababu hatukuwa mtu mmoja. Mwenzangu alikuwa kijana kutoka Tanga, fundi wa viyoyozi, ambaye mkataba wake wa kazi hapa Doha ulikuwa unakaribia kwisha. Siku moja alikuja kutengeneza kiyoyozi changu, akaona vitabu vya elektroniki rafuni, akaniambia hivi: "Mjomba, mimi nimeshafungua simu nyingi, lakini sijawahi kuiona kompyuta ikifanya kazi. Naona chipu tu." Maneno hayo yalinigusa. Simu ya leo ina mabilioni ya vipande vidogo ndani ya chipu moja, na hakuna jicho wala kipimo cha fundi kinachoweza kumfuatilia mjumbe mmoja akitoka sehemu hii kwenda ile. Ili kuona, sharti turudi nyuma.

Tukakubaliana tuunde kompyuta kwa maikroprosesa ya Z80, ambayo ilianza kuuzwa na kampuni ya Zilog mwaka 1976. Ina miguu 40, na kila mguu unaweza kuguswa kwa kipimo na kuelezwa kazi yake. Kijana aliweka sharti moja. Aliporudi Tanga alitaka kuichukua mashine hii akafundishie vijana katika karakana ya ndugu yake. Huko umeme hukatika, intaneti hununuliwa kwa kifurushi, nami sitakuwapo. Kwa hiyo mashine ilipaswa kuamka yenyewe kila mara, na ikipata hitilafu, iweze kumwelekeza mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Sharti hilo ndilo lililoamua mengi kati ya haya nitakayokusimulia.

Msikilizaji, hebu tuangalie historia kidogo. Mwezi Januari mwaka 1975, jarida moja la elektroniki nchini Marekani liliwaonyesha wasomaji wake kompyuta ya Altair 8800, ambayo mtu angeweza kununua vipande vyake na kuiunda mwenyewe nyumbani. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani mwaka 1974, serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa miaka mingi baadaye. Hivyo, wakati vijana wa kwingineko walikuwa wakichomelea waya za kompyuta zao kwa mikono yao wenyewe, sisi tulikuwa hatujaziona. Zilipotufikia, zilikuwa tayari ni masanduku yaliyofungwa kwa skrubu. Tulijifunza kuzitumia, lakini wengi wetu tuliikosa ile hatua ya kuziunda.

Altair ya mwanzo ilikuja na nafasi 256 tu za kumbukumbu, nayo ilikuwa na tatizo kubwa. Kumbukumbu yake yote ilikuwa ya muda, yaani kila ulipozima umeme ilisahau kila kitu. Mwenye mashine alilazimika kuingiza maagizo ya kuanzia kwa kupandisha na kushusha swichi zilizopangwa usoni mwake, biti moja baada ya nyingine. Hapo ndipo tunapoona haja ya kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kudumu, ambayo mafundi huiita romu. Hiyo haisahau umeme ukikatika. Ya pili ni ya muda, yaani ramu, ambayo huandikwa na kufutwa wakati kazi inaendelea. Mashine isiyo na romu haijui la kufanya inapoamka. Mashine isiyo na ramu haina mahali pa kufanyia kazi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Z80 ina waya 16 za anwani. Kila waya una hali mbili tu, kuwa na umeme au kutokuwa nao. Ukizidisha mbili kwa mbili mara 16 unapata 65,536. Hizo ndizo anwani zote ambazo chipu hii inaweza kuzitaja kwa wakati mmoja, kuanzia sifuri hadi 65,535. Kila anwani ni kama nyumba inayokaa herufi moja au namba moja ndogo, ambayo tunaiita baiti. Romu yetu ilikuwa na nafasi 32,768. Ramu yetu ilitosha kujaza anwani zote. Naam, ukijumlisha, wapangaji ni wengi kuliko nyumba.

Katika ujenzi wa nyumba ya kawaida, ukikosea ramani, unaweza kubomoa ukuta mmoja ukajenga upya. Katika kompyuta, kila programu utakayoiandika baadaye itakuwa imeamini kwamba kitu fulani kiko katika anwani fulani. Ukikihamisha, programu zote zitagonga mlango usio na mtu. Ndiyo maana nilimwomba kijana wangu aweke pasi ya kuchomelea kando na tuchukue karatasi.

Jambo la kwanza tulilolikuta ni mgogoro. Z80 ikiwashwa huanza kusoma maagizo kutoka anwani sifuri, na hilo haliwezi kubadilishwa kwani limo ndani ya chipu. Kwa hiyo romu ni lazima iwe chini kabisa, kwenye sifuri. Lakini sisi tulitaka pia mashine iweze kuendesha CP/M, mfumo wa uendeshaji ulioandikwa na Mmarekani Gary Kildall mwaka 1974, kwa sababu una programu nyingi za kufundishia na mashine yake inaeleweka na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. CP/M nayo inataka kinyume chake. Inataka kumbukumbu ya chini iwe ya muda, maana programu za mtumiaji huanzia anwani 256. Zile nafasi 256 za mwanzo ni za mawasiliano kati ya programu na mfumo. Kwa mfano, programu inayotaka kuandika herufi kwenye kioo au kusoma faili haitafuti mahali mfumo ulipo. Hubisha hodi katika anwani namba 5, na mfumo huitika.

Ningependa msikilizaji azingatie hekima iliyomo katika mlango huo namba 5. Kildall alitambua kwamba mashine za watu hazitafanana. Huyu atakuwa na kumbukumbu ndogo, yule kubwa; huyu na diski ya aina hii, yule na ya aina ile. Akaweka mlango mmoja usiohama, na nyuma ya mlango huo akaacha kila fundi apange vyumba vyake. Sehemu yote inayotegemea vifaa vya mashine husika aliitenga peke yake, akaiita bayosi. Anayeunda mashine mpya huandika bayosi yake tu, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya mashine nyingine hufanya kazi kwake bila kuguswa.

Je, mgogoro wa sifuri hutatuliwaje? Mafundi wa zamani walikuwa na njia, nasi tuliifuata. Mwingereza Grant Searle ameonyesha jinsi kompyuta kamili ya CP/M inavyoweza kuundwa kwa chipu tisa tu, na katika mpango wa namna hiyo romu hukaa chini wakati wa kuamka, kisha huondolewa. Sisi tulipanga hivi. Mashine inapowashwa, anwani za sifuri hadi 32,767 husomwa kutoka romu, lakini chochote kinachoandikwa katika anwani hizo huingia katika ramu iliyofichika chini yake. Programu ya kuanzia husoma baiti moja na kuiandika palepale ilipoisoma. Ukitazama kwa haraka utadhani ni kazi bure. Kumbe, ikimaliza, nakala yake kamili imekwisha kukaa katika ramu. Kisha hutuma agizo moja la kuizima romu, na agizo linalofuata husomwa kutoka kwenye nakala. Programu huendelea na kazi bila kujua kwamba sakafu iliyosimamia imebadilishwa.

Kijana aliponielewa alicheka, akasema: "Hii ni kama kutandua mkeka mtu akiwa bado amelala." Sikuweza kuieleza vizuri zaidi ya hapo.

Baada ya hapo CP/M hupandishwa juu. Sehemu zake kuu mbili, inayosoma amri na inayosimamia faili, kwa pamoja huchukua nafasi 5,632. Tuliziweka kuanzia anwani 53,248. Zinaishia pale bayosi yetu inapoanzia, yaani 58,880, na kutoka hapo hadi mwisho wa kumbukumbu zimebaki nafasi 6,656 kwa ajili ya bayosi na vihifadhi vyake. Kuanzia 256 hadi 53,247, yaani nafasi 52,992, ni uwanja wa mtumiaji. Uwanja ule uko katikati, haukatizwi na kitu chochote.

Hapa inafaa nitaje kwamba si kila maikroprosesa ina tabia hii. Chipu ya 6502, iliyotumika katika kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976, inapoamka hutazama juu, katika anwani 65,532 na 65,533, ili kusoma imeelekezwa wapi. Kwa sababu hiyo romu yake hukaa juu. Nafasi zake 256 za chini kabisa hufikiwa kwa haraka kuliko nyingine, hivyo ni mali ya thamani, na 256 zinazofuata zimetengwa na chipu yenyewe kwa kazi maalumu. Aidha, vifaa kama vile kibodi na kioo hupewa anwani ndani ya kumbukumbu hiyohiyo, ilhali Z80 ina milango ya pembeni kwa vifaa. Katika Apple hiyo, Steve Wozniak aliandika programu msimamizi iliyotosha katika nafasi 256 tu. Ndiyo kusema, ramani huanzia katika tabia ya chipu, na matakwa ya fundi hufuata.

Tuliporudi kwenye romu, sharti la kijana likapata uzito wake. CP/M na faili zote zinakaa katika kadi ya kumbukumbu. Kadi ikiharibika Tanga, mashine itabaki na kile tu kilichomo katika romu. Je, tuweke nini humo? Tuliandika orodha. Programu msimamizi, inayomwezesha mtu kutazama na kubadilisha baiti yoyote, nafasi 2,048. Lugha ya BASIC, nafasi 8,192. Nakala ya CP/M, 5,632. Bayosi, 2,048. Halafu kijana akauliza: "Na Kiswahili, mjomba?"

Nakiri kwamba sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nilizoea mashine zinazosema kwa Kiingereza, kama vile hiyo ndiyo lugha ya umeme. Hata hivyo, haikuwa hivyo daima, hasa hapa Ghuba. Mwaka 1982, mfanyabiashara wa Kuwait, Mohammed Al-Sharekh, aliyefariki dunia mwaka 2024, alianzisha kampuni iliyokuja kutoa kompyuta za Sakhr. Watoto wengi wa Kiarabu walijifunza kompyuta kwa mashine hizo. Zilifuata kanuni za MSX, nazo zilitumia Z80 hiihii. Humo ndani, Kiarabu kilikuwa kimewekwa katika romu yenyewe, tayari mashine inapowashwa. Kazi hiyo haikuwa ndogo, kwani herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo katika neno, na maandishi huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Kwetu sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina mahitaji makubwa kama hayo. Hakina alama juu wala chini ya herufi. Hata neno kama "ng'ombe" linahitaji tu kile kikoma cha juu ambacho kila kibodi inacho. Herufi zote hutosha katika zile alama 128 za kawaida, ambazo zinahitaji biti saba tu. Baiti ina biti nane. Ile ya nane tukaitumia kuonyesha kwamba hapa ndipo ujumbe unapokomea, na hivyo tukaokoa nafasi moja kwa kila ujumbe. Gharama nayo haikuwa ya kutisha. "TAYARI" huchukua baiti sita, wakati neno la Kiingereza tulilozoea huchukua tano. Lakini "KOSA" huchukua nne mahali ambapo Kiingereza huchukua tano. Tukatenga nafasi 4,096 kwa ujumbe na maelezo ya msaada. Jumla ikawa 22,016, na zikabaki 10,752 ambazo kijana aliandika pembeni mwake neno "akiba".

Msikilizaji mpenzi, nisije nikakupa picha kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mashine iliwaka, ikaandika TAYARI, tukapeana mikono. Lakini mtu alipoandika mstari mrefu kwa haraka, ilitoa takataka kwenye kioo kisha ikanyamaza. Kwa Ijumaa mbili mfululizo tulishuku risasi za kuchomelea. Tulizigusa upya zote. Hali haikubadilika.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye karatasi. Kila kompyuta huwa na sehemu inayoitwa rundo, ambapo maikroprosesa huweka kumbukumbu ya mahali ilipoachia kazi, mfano wa sahani zinazopangwa moja juu ya nyingine. Katika Z80 rundo hukua kwa kushuka, kuelekea anwani za chini. Mimi nilikuwa nimelipa nafasi 32 tu, na mara chini yake nikaweka kihifadhi cha herufi zinazotoka kwenye kibodi. Kila programu ndogo inapoitwa, rundo hula nafasi mbili. Herufi inapoingia ghafla katikati ya kazi, maikroprosesa hukatizwa, na hapo rundo hula nafasi 10 kwa mpigo, kwa sababu hali ya kazi yote lazima ihifadhiwe. Anayeandika taratibu hakuona tatizo. Anayeandika haraka alilisababisha rundo kuporomokea kwenye herufi zake mwenyewe.

Kijana ndiye aliyeligundua. Hakugusa pasi wala kipimo. Alichukua ile karatasi ya ramani, akaweka kidole kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili, akauliza: "Mjomba, hawa majirani mbona hawana hata uchochoro kati yao?" Tukalipa rundo nafasi 256, na tatizo likatoweka.

Tangu siku ile nimeitazama ramani ya kumbukumbu kwa jicho jingine. Nilikuwa nikiichukulia kuwa ni kumbukumbu ya fundi mwenyewe, asije akasahau alichoweka wapi. Kumbe ni chombo cha kumwezesha mtu mwingine kuliona kosa lako. Mashine ikiwa na ramani iliyoandikwa wazi, hata mwanafunzi wa miezi mitano anaweza kumsahihisha mwalimu wake. Isipokuwa na ramani, wote wawili watabaki kuchomelea na kuchomolea.

Lipo pia suala la vipande. Mwezi Aprili mwaka 2024, kampuni ya Zilog ilitangaza kwamba inasitisha utengenezaji wa Z80 ya miguu 40, na maagizo ya mwisho yalipokewa mwezi Juni mwaka huohuo. Ilikuwa imeuzwa kwa takriban miaka 48. Chipu zilizokwisha kutengenezwa zipo bado mikononi mwa wauzaji na katika mashine kuukuu, lakini hazitaongezeka. Kwa upande mwingine, 6502 ingali inatengenezwa na kampuni ya Western Design Center ya Marekani. Kwa hiyo anayetaka kuanza leo ana chaguo. Jambo lisilobadilika ni karatasi. Chora mstari mmoja mrefu, andika sifuri upande mmoja na 65,535 upande wa pili. Uliza chipu yako inaamkia wapi. Weka romu hapo. Tafuta milango ambayo hutaihamisha kamwe, nayo iwe michache. Lipe rundo uchochoro. Acha akiba. Baada ya hapo ndipo uwashe pasi.

Jioni ya mwisho kabla ya safari yake tulifanya jaribio tulilokuwa tumeliahirisha. Tulichomoa kadi ya kumbukumbu, tukazima umeme, tukasubiri, tukawasha. Kioo kikaandika: KADI HAIPO. BONYEZA M KWA MSAADA. Akabonyeza M, akasoma maelezo yote hadi mwisho kana kwamba hakuyaandika yeye mwenyewe. Kisha akaikunja ile ramani mara mbili, akaibandika kwa gundi chini ya ubao, mahali ambapo atakayeipindua mashine ataiona kabla ya kitu kingine chochote.

Saa za Doha na saa za Tanga ni zile zile, hivyo najua anapofungua karakana. Juma lililopita aliniandikia kwamba mwanafunzi mmoja amekwisha kutumia nafasi 300 za ile akiba, na ameziandika kwenye ramani kwa kalamu nyekundu.